Kipimo cha asidi kwenye choo: kinamfaa nani?

Wasikilizaji wetu wa Ipililo na vijiji vingine vya Simiyu wamekuwa wakitutumia swali moja kwa maneno tofauti: ni kweli mtu anaweza kupima choo kikubwa akajua kama utumbo wake ni mzima? Swali linatokana na matangazo yanayozunguka kwenye simu, yanayosifu kipimo cha "asidi fupi za mafuta" na kumalizia kwa kuuza dawa ya kusafisha utumbo. Kipimo hicho kipo kweli, na wanasayansi wanakitumia. Tunachotilia shaka ni kumuuzia mtu mmoja mmoja, tena anayelazimika kuuza debe la mahindi ndipo apate nauli.

Tuanze na asidi zenyewe. Si kila tunachokula kinamalizika kusagwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba. Nyuzinyuzi za mboga, pumba za nafaka na sehemu ya wanga wa viazi na kunde hushuka mpaka utumbo mpana. Huko bakteria wengi mno huvichachusha, kama togwa inavyochacha kwenye chombo. Katika kuchacha huko zinatoka asidi tatu kubwa: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana. Propionati huenda zaidi kwenye ini, na asetati husambaa mwilini.

Tatizo la kipimo liko hapa: karibu asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa na mwili kabla mtu hajaenda chooni. Kinachopimwa ni salio. Wakulima wa pamba mtatuelewa haraka. Ukiingia shambani baada ya mavuno ukahesabu pamba iliyobaki kwenye miti, hujajua mwenye shamba alivuna kilo ngapi. Pengine alivuna nyingi, pengine alichuma ovyo. Hata mtu anayeharisha anaweza kuonekana ana asidi nyingi, kwa sababu tu chakula kimepita mbio na mwili haukupata muda wa kuzinyonya.

Halafu kuna safari. Bakteria hawaachi kazi choo kikishaingia kwenye kopo, wanaendelea kuchachusha. Ndiyo maana watafiti hugandisha sampuli mapema au huiwekea dawa ya kuihifadhi. Kopo lililopanda basi juani kutoka Maswa hadi Mwanza, achilia mbali Dar es Salaam, linaweza kutoa namba ya safari kuliko namba ya tumbo.

Mfano mzuri uko jirani kabisa. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Meatu hapa hapa mkoani kwetu, wamewavutia watafiti wa utumbo kutoka nchi nyingi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha choo cha Wahadzabe 27 wa upande wa Ziwa Eyasi na cha Waitaliano 16 wa mji wa Bologna. Wahadzabe wale walikuwa wanaishi kwa mizizi ya porini, ubuyu, matunda, asali na nyama. Bakteria wao walikuwa wa aina nyingi zaidi. Lakini kwenye asidi, Wahadzabe walizidi kwa sehemu ya propionati, na Waitaliano ndio waliozidi kwa butirati, ile ile inayosifiwa kwenye matangazo. Kwa hiyo anayetoa alama kwa butirati peke yake angemwambia Mhadzabe mla mizizi kwamba utumbo wake una kasoro. Sisi tunaona jambo hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afikirie mara mbili.

Kipimo kinafaa pale watu wale wale wanapopimwa kabla na baada ya kubadilishiwa chakula. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya watu 20 wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi 20 waliobadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, butirati ilipanda karibu mara mbili na nusu. Waafrika waliopewa nyama na mafuta mengi, yao ilishuka karibu nusu. Hapa Tanzania, watafiti wa KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walifanya jambo linalofanana kwa wanaume 77 wa Kilimanjaro, wakiangalia zaidi damu. Matokeo yao ya mwaka 2025 yalionyesha kwamba wiki 2 tu za chakula cha kimagharibi ziliongeza dalili za uvimbe wa ndani ya mwili.

Ukitazama hivyo, kinachohitaji kuangaliwa kwanza ni sufuria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Choroko, kunde, mlenda, michembe, matobolwa na ugali wa mtama vyote vinachangia, na havihitaji maabara. Sembe nyeupe tunayoikimbilia kwa sababu ya rangi imeshaacha pumba mashineni, na pumba zile zinakwenda kwa kuku. Ila dona nayo ina sharti lake: mahindi yawe makavu na yachambuliwe, kwa kuwa sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuna kipimo kingine cha choo ambacho hatutaki mkidharau, kile cha darubini kwenye zahanati na vituo vya afya. Kinatafuta mayai ya minyoo na ya kichocho cha tumbo, na amiba. Hayo yakionekana, yana tiba inayojulikana. Na anayeona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, au anayepungua uzito bila sababu, au ambaye haja yake imebadilika kwa wiki kadhaa, asinunue kopo wala dawa ya kusafisha utumbo. Aende kumwona mganga wa zahanati, na akipewa rufaa ya hospitali ya wilaya asiiahirishe mpaka pamba iuzwe.