Jinai vyuoni isiitwe utovu wa nidhamu

Kila chuo kikuu nchini kina kamati ya nidhamu. Kazi yake ni ya haki na inahitajika: kumwadhibu aliyeiba mtihani, aliyevunja madirisha ya bweni au aliyemtukana mhadhiri. Taabu huanza pale kamati hiyo hiyo inapoletewa kesi ya msichana aliyebakwa au mvulana aliyedungwa kisu, nayo ikaiweka katika faili lile lile na kuipa jina lile lile: utovu wa nidhamu. Mkosaji husimamishwa masomo kwa muhula mmoja au miwili, na jinai huwa imekufa kabla ya kufika kituo cha polisi.

Wapo wanaopendekeza kwamba vyuo vyetu vilazimishwe kutoa taarifa za uhalifu unaotendeka ndani yake. Pendekezo hilo ni jema. Lakini kanuni ya kuripoti uhalifu haiwezi kutiiwa na chuo ambacho hakijakubali kuuita uhalifu kwa jina lake. Kabla ya kununua kamera na kuajiri mabawabu zaidi, tusahihishe msamiati.

Sisi tunaofanya kazi na lugha tunajua kwamba tafsida ina mahali pake. Humsitiri mzungumzaji na kumlinda msikilizaji. Yeyote aliyesoma hukumu za mahakama zetu kuhusu unajisi amekutana na maneno ya watoto wanaosema, “alinifanyia tabia mbaya.” Majaji wamekuwa wakiyapokea maneno hayo, wakitambua kwamba mtoto hana lugha nyingine. Mtoto anasameheka. Taasisi yenye maprofesa na mawakili haisameheki inapoandika kwamba mwanafunzi “alisumbuliwa”, wakati alichotendewa kina jina katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006.

Tumekwisha kuona jinsi neno laini linavyoweza kuficha maovu. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na 71 wakaripotiwa kubakwa. Baada ya mkasa huo, msimamizi mmoja wa shule alinukuliwa magazetini akisema kwamba wavulana hawakukusudia mabaya, walitaka kubaka tu. Neno hilo “tu” liliishtua dunia. Ubakaji ulikuwa umezoeleka hata ukahesabiwa kama utundu.

Marekani ilianza safari hii mapema. Jeanne Clery, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh, aliuawa bwenini mwake mwaka 1986. Wazazi wake walipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1990, inayovitaka vyuo kutangaza kila mwaka takwimu za uhalifu za miaka mitatu, kuweka daftari la matukio lililo wazi kwa umma, na kutoa onyo la haraka hatari inapowakabili wanafunzi. Sheria hiyo ina meno: mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty kilitozwa faini ya dola milioni 14. Hata hivyo, takwimu za mwaka 2016 zilipochambuliwa na chama cha wanawake wasomi wa nchi hiyo, ilionekana kwamba asilimia 89 ya kampasi zilikuwa zimeandika sufuri mahali pa ubakaji. Kumbe sheria peke yake haitoshi. Mwandishi wa daftari anaweza kuishinda kwa kalamu.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu umo hatarini. Vyuo vya umma vimo. Na Sheria ya Makosa ya Kingono haikuwapa wazee wa ukoo wala mkuu wa chuo uwezo wa kusimamisha kesi; uamuzi huo ni wa wakuu wa mashtaka ya serikali.

Tuchukue mfano wa hapa Maseno. Mabweni hayatoshi, na wanafunzi wengi wamepanga vyumba Nyawita, na wengine Luanda, ng’ambo ya mpaka katika Kaunti ya Vihiga. Mpaka wenyewe umezozaniwa na Kisumu na Vihiga kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayeshambuliwa usiku akirudi kutoka maktabani ahesabiwe wapi? Chuo kitasema si ndani ya ua wake. Sheria ya Marekani huzihesabu njia za umma zinazopakana na chuo. Zetu hazina budi kwenda mbali zaidi, hadi kwenye vyumba vya kupanga, kwa sababu ndiko wanafunzi waliko.

Vyuo vinaweza kuanza hata kesho. Kwanza, daftari la jinai litengwe na faili la nidhamu, na kila kosa liandikwe kwa jina lililomo katika sheria, pamoja na nambari ya OB kutoka kituo cha polisi. Pili, awepo afisa mmoja anayejulikana, ambaye bawabu, muuguzi, msimamizi wa bweni na mhadhiri watampelekea habari siku ile ile. Tatu, aliyebakwa apelekwe hospitalini kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kamati nyingi huchukua majuma kabla ya kukutana. Nne, hesabu ya mwaka itangazwe bila majina ya waathiriwa, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyodai.

Najua pingamizi litakalotolewa. Vyuo vinashindania wanafunzi na karo zao. Nani atampeleka mwanawe kwenye chuo kilichojitangazia visa 12 vya ubakaji? Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana chuo kimoja hakiwezi kuachiwa kianze peke yake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iviamuru vyote vitangaze siku moja, kwa fomu moja yenye maneno yale yale. Na mzazi naye afundishwe kusoma takwimu: chuo kikubwa chenye sufuri kila mwaka si chuo salama, bali ni chuo ambamo wasichana wamekata tamaa ya kusema.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Kilio cha St Kizito kilisikika dunia nzima. Wakuu wa vyuo wasingoje kingine ndipo wafungue daftari.