Si Kila Amri Hutoka Kichwani

Napinga neno moja ambalo limekwisha kuwa kama kanuni hapa shuleni. Wasemaji wa jukwaani, na viranja pia, hupenda kutuambia kwamba ubongo ni mfalme, mishipa ya fahamu ni matarishi wake, na viungo ni raia wanaongoja kuamriwa kila hatua. Kwa hotuba ni mfano mzuri. Kwa elimu ya viumbe si kweli, nami namleta shahidi ambaye baadhi yetu tumekwisha kumla.

Shahidi huyo ni kamba wa maji baridi (sisemi kamba ya kufungia ng'ombe), yule mwekundu mwenye magando ambaye wavuvi wa Ziwa Bunyonyi huwauzia wageni. Wataalamu humwita Procambarus clarkii. Si mwenyeji wa bara letu. Kwao ni kusini ya Marekani na kaskazini ya Meksiko. Huko Kenya alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, akayashambulia majani ya majini hata ziwa likabadilika. Ni mgeni mharibifu, sikatai. Lakini mgeni huyu ndiye aliyewafundisha wataalamu jambo ambalo sisi wa mitihani hulipita mbio.

Mgeuze umtazame chini ya tumbo. Mbali na miguu yake ya kutembelea, na ule mkia anaouchapa akishtuka akaruka kinyumenyume, anavyo vikafi vidogo jozi nne, kila jozi katika pingili yake. Kwa vikafi hivyo huogelea mbele polepole, na jike huvitumia kuyapepea maji mayai yake. Watu wakivuta mtumbwi kwa bidii, wote hutia kafi majini kwa pamoja. Kamba hafanyi hivyo. Jozi ya nyuma kabisa huanza, kisha ile iliyo mbele yake, kisha inayofuata, mpaka wimbi lifike jozi ya mbele. Kila jozi huchelewa kuliko jirani yake wa nyuma kwa kadiri ya robo ya mzunguko mmoja.

Hapo kwenye robo ndipo pa kutua tufikiri. Tuseme anapiga mara moja kwa sekunde: kuchelewa ni robo ya sekunde. Akiongeza mwendo hata mara mbili kwa sekunde, kuchelewa kunakuwa thumuni ya sekunde. Mwendo umebadilika, robo ya mzunguko haikubadilika. Kama kuchelewa huko kungekuwa ni muda wa tarishi kukimbia kutoka pingili hata pingili, kungebaki vile vile siku zote, maana tarishi haongezi mbio kwa sababu tu vikafi vinakwenda upesi. Tena kama tarishi angetoka kichwani na kutoa amri njiani, jozi ya mbele ndiyo ingekuwa ya kwanza kupata habari, wala si ya nyuma. Hapa mfalme wetu wa jukwaani amekwisha kuyumba.

Nani basi anayepanga zamu? G. M. Hughes na C. A. G. Wiersma walichapisha uchunguzi wao juu ya mnyama huyu huyu mwaka 1960, na mwaka 1964 Wiersma na K. Ikeda wakaendelea. Ndani ya tumbo la kamba umo uzi wa fahamu wenye kifundo katika kila pingili. Waliona kwamba hata vifundo vikikatiwa habari zote zitokazo kwenye viungo, huendelea kutoa mapigo ya umeme kwa mdundo wa kuogelea. Wakaona tena jambo la ajabu zaidi: ziko nyuzi chache zitokazo upande wa kichwa, na ukiutia uzi mmoja wa namna hiyo umeme wa mfululizo, usio na mdundo wo wote wa kuogelea, vikafi huanza kupiga kwa mdundo wao wenyewe. Yaani kichwa husema "Anzeni" au "Acheni." Hakisemi nani atangulie, wala kila mmoja apige lini.

Waliokuja baadaye wakafunua mengi. Kila kikafi kina kikundi chake cha seli ndani ya kifundo, nacho chaweza kuzaa mdundo peke yake. Vikundi hivyo huarifiana: upo uzi upelekao habari mbele, na upo upelekao nyuma. Mwaka 2009 Smarandache, Hall na Mulloney walionyesha kwamba kila kifundo hupokea habari kutoka vifundo vingine vitatu kwa pamoja, lakini neno la jirani wa karibu hupokewa kwa nguvu kuliko la aliye mbali. Na mwaka 2014 Calvin Zhang na wenzake walifanya hesabu za maji, wakakuta kwamba wimbi lile la kuanzia nyuma kwa robo husukuma maji vizuri kuliko mipango mingine waliyoijaribu. Vikafi vikivuta huwa vimeachana, vikirudi huwa vimekaribiana, hivyo maji yarudishwayo ni machache.

Mwenzangu mmoja wa kidato cha sita aliniuliza, nchi yenye malaria ina haja gani na miguu ya kamba? Ni swali la haki, wala silidharau. Lakini mwaka 1911 T. Graham Brown alionyesha jambo la jamii hiyo kwa paka: uti wa fahamu uliokatwa usipate habari za ubongo bado uliweza kuzaa mdundo wa hatua. Na mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo waliweza kupiga hatua tena, kwa mazoezi na kwa umeme uliotiwa katika uti wao. Sisemi kamba ndiye aliyewasimamisha. Nasema ni swali lile lile: hatua hupangwa wapi? Nani kati yetu hamjui kijana aliyeanguka na boda boda asisimame tena? Mtu huyo hawezi kuambiwa kwamba swali hili ni la anasa.

Nami nachukizwa kwamba sisi, tulio karibu na ziwa lenye mnyama huyu, tunajifunza mishipa ya fahamu kwa kunakili picha. Chama cha Sayansi kinunue kamba kumi kwa wavuvi. Hakuna haja ya kumkata hata mmoja. Ukimshika mgongoni majini, miguu isiguse chini, mara nyingi huanza kupiga vikafi. Na simu ya mwalimu yaweza kuipiga picha hiyo kwa mwendo wa polepole, tukahesabu robo zetu wenyewe katika maji ya baridi na ya vuguvugu. Sharti langu ni moja: asitupwe hata mmoja mtoni akiwa hai, kwa maana habari ya Naivasha tumeisikia. Karai tunalo. Tunalokosa ni tangi la kioo, nalo nawaomba wazee wetu waliopita shule hii, hasa wale waliokuwa wakichora picha zile zile katika madawati haya haya, watufikirie kabla ya muhula ujao.