ROZARI SIO CHENI! HIVI MASTAA WETU, HIYO "MUNGU KWANZA" YENU HUWA INAANZA SAA NGAPI?

Leo sina udaku wa nani kaachana na nani. Nina dukuduku, acha nilitoe.

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni. Kaposti picha yuko kiwanja saa 9 usiku, chupa mezani, rozari shingoni, chini kaandika "Mungu kwanza". Laiki kama mvua, mashabiki wakamwaga "Amina mamii". Siku mbili mbele yuko laivu analia, mtu wake kamsaliti, eti Mungu kamuacha.

Dada yangu, kakuacha lini? Kwani mlikuwa mnaongea?

Tuelewane. Simsemi kwa sababu ya kiwanja, hata mimi naendaga. Na moyo wake siujui. Ninachoongelea ni kile alichoposti mwenyewe, na hayuko peke yake. Wapo wa bongo fleva, wapo wa muvi, wapo mpaka wa mpira. Mungu amekuwa kapsheni.

Rozari sio urembo, na sio hirizi pia. Ukiivaa tu bila kuisali haikukingi na kitu. Ni ya kusalia: mafungu matano, kila fungu Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe, huku unatafakari matendo ya siku. Jumatatu na Jumamosi furaha, Jumanne na Ijumaa uchungu, Jumatano na Jumapili utukufu. Alhamisi ni matendo ya mwanga, aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Yote hayo ni kama dakika 20. Wewe kuchagua filta tu unatumia ngapi?

Najua povu linalokuja: "Mungu anaangalia moyo, sio ratiba." Sawa. Basi tafuta mchumba, mwambie utakuwa unampigia Krismasi na Pasaka tu, ila moyoni yupo. Uone kama mtamaliza mwezi.

Wengine mtasema ratiba imebana. Mtaani kwetu kuna mama mmoja anauza vitumbua. Alfajiri kwenye daladala mkono mmoja kashika bomba, mwingine anahesabia Salamu Maria kwa vidole, anavizungusha mara mbili ifike kumi. Hana muda kuliko wewe. Ila kila siku yupo.

Mwaka juzi mama huyo alifiwa na mwanaye. Nilikuwepo msibani. Alilia mpaka sauti ikakata, hata jina lake ungemuuliza asingejibu. Usiku wanajumuiya wakaanza rozari. Nikamuona midomo inacheza. Hakuwa na nguvu ya kutunga sala yoyote, ila maneno yalikuwepo tayari, kayaweka mwenyewe kidogo kidogo kwenye ile daladala.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sala ya kila siku huioni faida yake siku ambayo kila kitu kiko poa. Unaiona siku umeanguka na huna cha kusema. Staa wetu alipoanguka alikuta kapsheni tu.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazee. Carlo Acutis alikuwa kijana wa Italia, mpenzi wa kompyuta na gemu, na alitengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Alikuwa anaenda Misa na kusali rozari kila siku. Alifariki 2006 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15. Septemba 2025 Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu. Mwili wake uko Assisi, kavalishwa jinzi na raba. Huyo intaneti aliitumia kumuonyesha Yesu. Sisi tunamtumia Yesu kuonyesha nguo.

Mimi mwenyewe sio mtakatifu. Nimepitisha miezi bila kitubio, na jumuiya nilikuwa natuma mchango tu, mwenyewe sionekani. Nilianza na kidogo: alamu tatu, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, muda wa Malaika wa Bwana. Dakika mbili mbili tu. Kuna siku naizima alamu na kuendelea kuskroo. Kesho yake naanza tena.

Kwa hiyo mastaa wetu, hatuwaombi muache kuposti. Tunaomba kabla ya kuposti muwe mmesali, tena mlango umefungwa na simu iko mbali, kama Injili ya Mathayo sura ya 6 inavyotaka. Hakuna atakayewapa laiki. Ndiyo maana yake hiyo.

Na wewe unayesoma hapa huku unacheka, rozari yako iko wapi saa hizi? Kama imening'inia kwenye kioo cha gari, tuko wote.

Povu ruksa hapo chini.