MICHEZO: Mashemeji wa Barabara ya Donholm

Barabara kuu itokayo mjini Nairobi kwenda upande wa mashariki, ambayo leo yaitwa Jogoo, zamani iliitwa Donholm. Kando yake, karibu na Kaloleni, uko uwanja wa mpira ambao nao umebadilishwa jina mara nyingi: African Stadium, Donholm Road, Jogoo Road, kisha City Stadium. Wapenzi wa kabumbu hawautaji uwanja huo bila kuzitaja Gor Mahia na AFC Leopards.

Leopards ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1964 vilabu kadha wa kadha vya Waluhya, ambavyo hapo awali vilishindana vyenyewe kwa vyenyewe, viliungana vikawa Abaluhya United, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1966 na 1967. Kwa Wajaluo nako, Luo Union na Luo Stars ziliungana mwezi wa Februari 1968, zikajiita Gor Mahia, kwa jina la mganga mashuhuri wa zamani. Tarehe 5 Mei mwaka uo huo timu hizo zilipambana kwa mara ya kwanza. Gor Mahia ilishinda kwa mabao 2 kwa 1, kisha ikauchukua na ubingwa wenyewe. Mgeni kumwondoa mwenyeji kitini kabla hajamaliza mwaka, hilo si jambo la kusahauliwa upesi.

Mwaka 1980, majina ya makabila yalipokatazwa, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina liliondoka, mashabiki wakabaki wale wale. Tangu mwaka huo hata 1985 kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwao: Gor Mahia ililitwaa mara 3, Leopards mara 3.

Ushindani huo umepata kuleta aibu pia. Tarehe 18 Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo, mchezo ulisimamishwa kwa sababu ya ghasia za watazamaji. Hata hivyo pambano lenyewe huitwa la Mashemeji, na kwa haki, kwani Wajaluo na Waluhya ni majirani waoanao tangu zamani. Huenda bwana akavaa kijani cha Gor Mahia, na ndugu za mkewe wakavaa buluu ya Leopards.

Julai 2019 alifariki Joe Kadenge, nyota wa Abaluhya, na ikatangazwa kwamba City Stadium utapewa jina lake. Basi shabiki wa Gor Mahia aingiapo hapo huingia katika uwanja wa shemeji.