Miaka mitatu ya mwalimu wa G3 nayo ihesabiwe

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofungua maandikisho Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, kwenye foleni ya aparitora kuna vijana waliotoka tu kupata diploma ya serikali. Katikati yao kuna watu wa aina nyingine: mwalimu mwenye mvi, mama muuguzi aliyeomba ruhusa ya siku moja kazini, karani wa serikali mwenye bahasha ya plastiki iliyojaa karatasi za miaka ishirini. Vijana wanawaita "papa" na "mama", na mara nyingine mlinzi wa mlangoni anadhani wamekuja kuandikisha watoto wao. Hao ndio nataka kuwazungumzia, maana mfumo mpya wa masomo umewaacha njiani na hakuna anayepiga kelele kwa ajili yao.

Wengi wao wana G3. Kwa miongo mingi masomo ya juu nchini mwetu yalikuwa vipande viwili: miaka mitatu ya graduati, kisha miwili ya lisansi. Huku mashariki watu wengi walisimama kwenye kipande cha kwanza, na si kwa kukosa akili. ISP ya kufundisha walimu, ISTM ya wauguzi au ISDR ya maendeleo vijijini ndiyo ilikuwa karibu na nyumbani, malipo yake yaliwezekana, na ukishamaliza G3 ulipata kazi. Ulishika chaki, ukasomesha wadogo zako, ukaoa au ukaolewa. Kisha vita vya 1996 na vile vya 1998 vikapita juu ya kila mpango. Lisansi ikawekwa kando, ingoje siku nzuri.

Siku hiyo ilipokaribia, mfumo ukabadilika. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wizara iliamuru vyuo vyote viingie humo. Sasa lisansi ni miaka mitatu, semesta sita, krediti 180. Baada yake ni masteri, miaka miwili, krediti 120. Mimi sipingi LMD. Kijana wa Uvira anayetaka kuendelea na masomo Bujumbura au Kampala atasaidika akiwa na diploma inayoeleweka huko.

Lakini tufanye hesabu kidogo. Kijana anayemaliza miaka mitatu leo anaitwa mwenye lisansi. Mwalimu aliyemaliza miaka mitatu mwaka 2004, akaandika TFC yake na kuitetea mbele ya walimu wake, bado ni mwenye graduati. Anaweza kujikuta katika shule moja na mwanafunzi wake wa zamani, mwanafunzi amemzidi cheo kwa miaka ileile mitatu. Na si suala la heshima tu. Kwenye listi ya mishahara ya walimu, D6, G3 na L2 hawalipwi sawa. Kwa kawaida mwenye G3 hufundisha madarasa ya chini ya sekondari, ya juu yanangoja mwenye lisansi. Kwa wauguzi ni vilevile: A2, A1 na A0 ni ngazi zinazoamua nani ataongoza na nani ataongozwa mpaka siku ya pensheni.

Sasa huyo mwalimu akibisha hodi chuo kikuu, anawekwa wapi? Nimeona watu watatu wenye diploma ya aina moja wakipewa majibu matatu. Mmoja aliambiwa aanze mwaka wa kwanza, akae benchi moja na watoto wa rika la wanawe. Wa pili alipokelewa mwaka wa tatu. Wa tatu aliambiwa alipie kwanza mwaka wa maandalizi, ambao haumpi krediti hata moja. Jibu likitegemea ofisi uliyoingia na katibu uliyemkuta, hapo mlango wa matabishi uko wazi, na sote tunajua ni nani hupita humo.

Wakuu wa vyuo wana hoja zao, na baadhi ni za kweli. Krediti inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake nje ya darasa, na graduati ya zamani haikupimwa hivyo. Vilevile tunajua kwamba taasisi nyingine ziliota kama uyoga, bila maktaba wala maabara, zikatoa diploma ambazo hata waliozitoa hawaziamini. Chuo kikuu kina haki ya kujihadhari. Basi kimpime mtu! Mpe mtihani, msikilize, soma TFC yake, tazama amefanya kazi wapi. Mama aliyezalisha wanawake katika kituo cha afya cha kijijini kwa miaka kumi na tano hawezi kuambiwa arudie somo la kwanza la kutunza mgonjwa kwa sababu tu jina la mfumo limebadilika.

Kwingine walishalitatua. Ufaransa, ambako tunapenda kuiga hata yasiyotufaa, ina sheria tangu 2002 inayomruhusu mfanyakazi kupata diploma kwa kuthibitisha aliyoyajifunza kazini. Marekani, katika jimbo la California, sheria ya 2010 ilitengeneza diploma maalumu ya vyuo vya miaka miwili: aliyeipata anahakikishiwa nafasi katika mtandao wa vyuo vikuu vya CSU, akiingia mwaka wa tatu. Wanafunzi wa vyuo hivyo vidogo wengi ni watu wazima, wanaofanya kazi na kulea watoto. Huko nao vyuo vikuu vilikuwa na mazoea ya kukataa krediti za wengine.

Kwetu kuna ugumu wa ziada: karatasi. Chuo kinadai diploma ya serikali, karatasi za pointi za kila mwaka na ushahidi wa G3. Aliyekimbia Masisi au Rutshuru usiku alibeba watoto, hakubeba bahasha. Mwishoni mwa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, hata aliyekuwa na makuta ya chuo benkini akashindwa kuyatoa. Majina ya waliofaulu yamo kwenye madaftari ya taasisi zilizowafundisha. Kwa nini mzigo wote wa kuthibitisha uwe juu ya aliyekimbia, na taasisi isiandikiane barua na chuo kikuu?

Halafu saa za masomo. Mwalimu anafundisha asubuhi, na kozi nyingi ziko asubuhi. Akiomba likizo ya masomo, anaogopa jina lake lisitoweke kwenye listi ya malipo. Muuguzi anayeongoza kituo akienda mjini miaka miwili, kijiji kinabaki na nani? Kozi za jioni, za mwisho wa juma na za likizo kubwa zipo mahali pengine, lakini zinachukuliwa kama biashara ya pembeni.

Kwa wamama ni zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya familia ya Julai 2016, mke haitaji tena idhini ya mume kwa matendo ya kisheria. Hata hivyo kuna maofisi ambako mama wa miaka arobaini bado anaulizwa kama baba watoto anajua kwamba amekuja kujiandikisha. Baba wa umri huohuo haulizwi.

Waziri wa masomo ya juu hutoa maagizo ya kitaaluma kwa vyuo vyote kila mwaka. Ukurasa mmoja ndani yake ungetosha: G3 ya fani fulani inaleta krediti ngapi, anayeileta anaingia mwaka gani, mtihani wa kumpima unafanywa na nani na kwa bei gani, na aliyepoteza karatasi vitani aende ofisi ipi. Jedwali hilo libandikwe kwenye mlango wa kila aparitora kabla foleni haijaanza, ili mwalimu wa Walikale alisome kabla hajalipa tiketi ya kurudi.