Nyoka Naye Anakunywa Maji: Chombo cha Bei Nafuu Kinatosha

Umezoea hapa kusoma habari za kuku, mbuzi na dawa za kuogesha ng'ombe, kwa hiyo usishangae leo nikikuletea nyoka. Nimeulizwa, na swali la mfugaji sipendi kuliacha lining'inie.

Kaskazi iliyopita niliitwa huku kwetu Mkange na mzee mmoja mwenye kikundi cha ngoma. Ni Msukuma, kama walivyo wengi waliohamia Pwani na ng'ombe wao, na ngoma ya nyoka aliikuta kwa wazee wake. Ana chatu mmoja, na kibali chake alinionyesha kabla sijauliza. Chatu alikuwa anajivua gamba lakini gamba halitoki. Lilikuwa limekatika vipande vipande, limeganda kwenye jicho moja na kwenye ncha ya mkia. Ndani ya banda palikuwa na ndoo iliyokatwa nusu, imelala ubavu, kavu kabisa.

"Mzee wangu, maji yake yako wapi?" nikamuuliza.

"Bwana mifugo, nyoka hanywi maji. Maji anayapata kwenye kuku ninaompa."

Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi, hata kwenye maonyesho, ambako nimewahi kuona chatu wawili kwenye boksi la kioo, juani, bila hata kifuniko cha soda chenye maji. Nasema wazi: si kweli. Nyoka anakunywa. Anaweka mdomo kwenye maji na utaona taya zinacheza polepole, anayavuta ndani. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, lakini bila maji, kwenye joto letu la Januari na Februari, anakauka. Dalili ya kwanza ni hiyo ya gamba kutoka vipande.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapo ndipo watu wanapojifichia. Kuna vyombo vya nyoka vinavyouzwa nje, vimechongwa kama jabali, vinapendeza sana kwenye picha. Huvihitaji. Nyoka hajui bei. Anachohitaji ni chombo kisichopinduka, kinachosafishika, na chenye ukubwa unaomfaa.

Kwa nyoka mdogo, nenda kwa mama anayefinyanga vyungu. Mwambie unataka bakuli la udongo lililo pana na fupi, lenye kitako kizito. Bei yake haizidi sana ya soda chache. Chukua mawili. Udongo unanyonya maji na uchafu, kwa hiyo moja likiwa bandani, lingine umelimwagia maji ya moto na kulianika juani. Kama kuta zake ni laini na nyoka ni mwembamba, weka jiwe katikati apate pa kupandia. Nyoka mchanga anaweza kufa maji kwenye bakuli, ndiyo.

Kwa chatu bakuli halifai. Yeye anataka kuingia na kujikunja ndani, hasa anapokaribia kujivua, macho yanapokuwa na ukungu wa kibluu. Hapa wengi wanaweka beseni la plastiki, chatu anapita chini yake, linapinduka, banda linalowa, wanakata tamaa na kuliondoa. Mimi na yule mzee tulifanya hivi: kwenye kona ya banda tulipanga matofali kuzunguka beseni, tukayashika kwa saruji iliyobaki kwa fundi aliyekuwa anajenga jirani. Beseni linakaa ndani ya matofali kama chungu kwenye mafiga, mdomo wake umelingana na matofali ya juu. Haliwezi kupinduliwa, lakini wewe ukitaka kuliosha unalinyanyua tu. Sehemu ya matofali tuliisugua kwa uji wa saruji, ile mafundi wanayoita niru, isimkwaruze. Mchanga ulikuwa wa mto. Usichukue wa ufukweni kwa sababu ni wa bure, una chumvi na kazi yako itabomoka. Acha saruji ikauke vizuri kwa siku kadhaa kabla hujamrudisha mnyama. Na ukiamua kufinyanga chombo kizima cha saruji, kiloweke wiki nzima huku ukibadilisha maji, maana saruji mpya inatoa ukali kama wa chokaa.

Jaza nusu tu. Chatu akiingia maji yanapanda, na banda likiwa chapachapa kila siku halina hewa, utabadilisha tatizo moja kwa jingine: magamba ya tumboni yanaoza na kifua kinaanza kukoroma.

Chombo chenyewe si kazi kubwa. Kazi ni kubadilisha maji, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema nyoka ni mfugo wa mvivu. Maji hubadilishwa kila siku, na papo hapo akijisaidia ndani, jambo ambalo nyoka hupenda kulifanya kwenye maji. Yaangalie kabla hujayamwaga. Ukiona vidoa vyeusi vidogo vimezama, huo ni utitiri, na bora umeuona kwenye beseni kuliko kumkuta nao umejaa chini ya magamba. Najua maji ya kuteka huku kwetu yanauma, lakini nusu beseni ni kidogo kuliko yanayomwagika njiani kutoka kisimani. Kama kisima chenu ni cha chumvi chumvi, mpe ya mvua. Yale usiyoweza kunywa wewe, usimpe.

Jambo hili lisome mara mbili kama una watoto nyumbani. Nyoka hata mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoharisha vibaya mtoto mdogo. Chombo chake kisioshwe jikoni, kisioshwe kwenye karo la vyombo vya chakula, na sponji yake iwe yake peke yake. Nawa mikono kwa sabuni. Pia usiingize mkono bandani ukiwa umetoka kushika kuku: chatu anafuata harufu, hajui kwamba leo umeleta maji. Akiwa mkubwa, muwe wawili.

Kuhusu kibali sitazunguka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumshika mnyama pori na kumweka nyumbani bila kibali, na sisi tunaopakana na Hifadhi ya Saadani hatuna kisingizio cha kutojua. Ukimkuta chatu kwenye banda la kuku, piga simu kwa maofisa wanyamapori, usimtafutie beseni. Na swila, koboko au kifutu msinipigie mimi kuniuliza chombo chao. Sifundishi. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na kutoka vijiji vyetu hadi kwenye dawa ya sumu ni safari ndefu ya pikipiki. Kubadilisha maji ya kifutu kila asubuhi ni kucheza kamari kila asubuhi.

Mimi naona hivi, na najua wapo watakaonuna: asiyeweza kubeba nusu beseni la maji kila siku asiombe kibali cha nyoka. Aende akamtazame kwa wanaoweza.

Yule chatu tulimwekea maji jioni. Usiku kucha alikaa ndani, pua tu nje. Asubuhi gamba la mkia lilikuwa limelegea, mzee akalitoa kwa kitambaa kilicholowa. La jicho nilimkataza kulibandua kwa kucha, angemharibu jicho. Lilitoka lenyewe siku ya tatu, likabaki linaelea kwenye beseni. Mzee alilianika, akaliweka kwenye bahasha moja na kibali chake.