Chujio la Dizeli na Somo la Utunzaji

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi katika shule ya msingi huulizwa mapema aeleze maana ya kuchuja. Hujibu bila taabu kwamba ni kutenga vitu vigumu na kimiminika kwa kutumia kitu chenye matundu madogo. Aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hufanya hivyo hivyo: huandika fasili ubaoni, huchora faneli na karatasi, wanafunzi hunakili, na kengele hulia. Jibu ni sahihi, na mtihani utalikubali. Hata hivyo, kwa maoni yetu somo hilo limekomea pale lilipopaswa kuanzia, kwa sababu halikuuliza swali ambalo kila mwenye chujio hana budi kulijibu: je, uchafu uliozuiwa umekwenda wapi?

Haukwenda popote. Umo ndani ya chujio, na kila siku unaongezeka. Chujio lifanyalo kazi yake vyema ndilo lijaalo, na likijaa lisibadilishwe, huzuia hata kile lilichowekwa kukipitisha. Hapo kuchuja si fasili tena bali ni wajibu wa mtu fulani kwa tarehe fulani. Wanafunzi wetu huikamilisha kwa sauti moja methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni nadra wapewe ufa wa kuziba. Katika makala haya tunapendekeza zana moja ya kufundishia utunzaji, nayo ni chujio la dizeli la pikapu kuukuu.

Kwa nini pikapu

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai shule isitengwe na maisha ya jamii inayoizunguka. Shule nyingi zilijibu kwa kulima shamba, na zilifanya vema. Lakini jamii yetu haiishi kwa jembe peke yake. Vijijini bado zinafanya kazi Toyota Hilux, Land Rover na Peugeot 504 zilizotengenezwa miongo kadhaa iliyopita. Ndizo zibebazo mahindi, saruji na mbolea, na usiku ndizo zipelekazo wagonjwa hospitalini. Gari la namna hiyo likizimika mlimani huku limembeba mama aliyeshikwa na uchungu, huenda kilichokosekana si ujuzi mkubwa wa ufundi, bali ni chujio la bei ndogo ambalo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Mtoto anayeishi kando ya gari hilo anastahili kujua kwa nini.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaelewa

Injini ya dizeli, iliyopewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel aliyeionyesha ikifanya kazi kwa ufanisi mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe. Unyunyizaji huo hutegemea pampu ambayo vyuma vyake vimekaribiana mno. Nafasi iliyopo kati yao ni kama sehemu 2 hadi 4 tu za elfu za milimeta, ilhali unywele wa mtu una unene wa sehemu zipatazo 70 za elfu. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yatosha kuvikwaruza. Tena katika pampu nyingi za magari hayo dizeli yenyewe ndiyo ilainishayo vyuma. Maji yakipita mahali pake, kutu huingia na vyuma hulika.

Maji hayo hutoka wapi? Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone wakati wa baridi ya usiku. Pipa la dizeli lililosimamishwa wima mvuani hukusanya maji juu ya kifuniko chake. Usiku hewa iliyo ndani hupoa na kunywea, na maji hufyonzwa kupitia kizibo kisichokaza. Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya dizeli haifiki gramu 900. Kwa hiyo maji huzama chini ya chujio, na huko chini watengenezaji wengi wameweka kizibo cha kuyatolea. Dereva anayekifungua mara kwa mara na kutoa maji mpaka ione dizeli tupu anatumia kanuni ile ile ya uzito ambayo sisi huifundisha kwa kuchora.

Dalili za chujio lililojaa nazo zinafundisha kufikiri. Gari huwaka kwa shida asubuhi. Likiwa limesimama hunguruma vizuri, lakini likipanda mlima na mzigo huishiwa nguvu, kwani mlimani injini huhitaji dizeli nyingi kuliko ile inayoweza kupenya. Mwalimu aulize: mbona halitoi moshi mweusi? Moshi mweusi aghalabu huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa, na hapo wa kushukiwa ni chujio la hewa. Hapa dizeli ndiyo iliyopungua. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyeelezwa vizuri aweza kutofautisha hali hizo mbili, na akifanya hivyo amekwisha kujifunza maana ya sababu na matokeo.

Namna ya kulifundisha

Tunashauri somo lianzie jikoni, wala si gerejini. Kila mtoto ameona chujio la chai, na mtoto wa pwani ameona kifumbu kikibakiza chicha na kupitisha tui. Waulizwe nini kingetokea kama chicha isingemwagwa, mkamuo baada ya mkamuo. Baada ya hapo yafuate majaribio matatu, yote bila tone la dizeli.

Jaribio la kwanza ni la maji na mafuta. Chupa ya kioo itiwe maji kidogo, mafuta ya kula na chembe za udongo, itikiswe, kisha iachwe dirishani hadi kesho yake. Wanafunzi wachore walichokiona: udongo chini, maji juu yake, mafuta juu kabisa. Waonyeshe kwa kidole mahali ambapo wangeweka kizibo cha kutolea maji.

Jaribio la pili ndilo moyo wa somo. Kikombe cha maji ya tope kichujwe kwa kitambaa kilichokunjwa, na muda wake upimwe kwa saa. Kikombe cha pili na cha tatu kichujwe kwa kitambaa kile kile bila kukiosha. Wanafunzi waandike dakika za kila kikombe, wazilinganishe, na waeleze wenyewe kwa nini muda unarefuka. Kitambaa kikishaoshwa, maji yatapita tena upesi. Kisha warudie kwa karatasi na wajaribu kuiosha. Itachanika. Hapo watajua ni kwa nini chujio la karatasi halifuliwi kwa petroli wala halipulizwi kwa upepo wa kompresa kama wafanyavyo baadhi ya watu: nyuzi za karatasi hukatika, na uchafu husukumwa upande uliokuwa safi.

Jaribio la tatu ni la upepo. Watoto wengi wamekwisha kunywa maji kwa kikonyo cha jani la papai. Mwalimu akitoboe kikonyo kwa sindano juu ya usawa wa maji, na mtoto ajaribu kunywa. Atavuta hewa, na hakuna tone litakalodondoka nje. Ndivyo ilivyo katika magari ambayo pampu huvuta dizeli kupitia kwenye chujio: mpira ukikaa vibaya, dizeli haivuji, bali upepo huingia na injini huzimika.

Majaribio yakiisha, dereva au fundi aombwe aje kubadilisha chujio mbele ya darasa, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Wanafunzi wasimame mbali kidogo, wasiguse dizeli, na pasiwe na moto wowote. Watazame hatua zake. Maji na dizeli chafu hukingwa kwenye chombo, hazimwagwi ardhini. Mpira wa chujio jipya hupakwa dizeli safi, na chujio hukazwa kwa mkono. Halijazwi dizeli ya dumu, kwa sababu imiminwayo kwenye tundu la katikati huingia upande ambao hautachujwa tena. Mwisho fundi hutoa upepo: katika Hilux nyingi hubonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu, katika Land Rover za zamani hulegeza skrubu hadi mapovu yaishe na dizeli itoke tupu. Kila hatua iwe na swali lake la "kwa nini", na mwalimu asiwe na haraka ya kulijibu.

Hesabu nazo zisiachwe nje. Ikiwa kitabu cha gari kimeagiza chujio libadilishwe kila kilometa 10,000, na gari hutembea kilometa 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, basi kwa mwezi hutembea kilometa 1,500, na muda wa chujio haufiki miezi 7. Penye vumbi jingi na mafuta ya mapipa, busara huufupisha zaidi. Wanafunzi watengeneze kadi yenye tarehe, kilometa na jina la mhusika, wamkabidhi dereva.

Mpaka wa chujio

Somo lisimalizike kabla ya kuonyesha lile ambalo chujio haliwezi. Turudi kwenye chai: majani hubaki, sukari hupita. Kilichoyeyuka au kuchanganyika kabisa na kimiminika hakizuiliki kwa matundu. Kwa sababu hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hupita katika chujio jipya kabisa na kwenda kuikausha pampu, kwani mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Tanzania ilipoanza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuutambua uchakachuaji, ilikuwa inajibu tatizo ambalo jicho halilioni na chujio halilitatui. Mwanafunzi aliyefahamu mpaka huu hatadanganyika kwamba kila uovu wa mafuta huponywa kwa kununua chujio.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi si fundi. Ni kweli, nasi hatumtaki awe fundi. Tunamtaka aweze kumwalika fundi darasani na kuuliza maswali yenye maana mbele ya watoto. Mwalimu asiyejua jambo akauliza mbele ya wanafunzi wake hajivunjii heshima. Amewaonyesha jinsi mtu mzima anavyojifunza.

Wengine watasema kwamba magari hayo kuukuu yanakwisha. Yatakwisha, lakini kanuni haitakwisha. Injini mpya za dizeli hunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa zaidi ya zile za zamani, na kwa hiyo huvumilia uchafu na maji kidogo zaidi. Wengine tena hudhani kwamba somo hili ni la wavulana. Kifumbu na chujio la chai viko mikononi mwa wasichana kila siku katika nyumba nyingi. Hakuna sababu ya kuwaweka nyuma ya duara wakati boneti inapofunguliwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda, maana azimio la kazi limejaa. Sisi twajibu kwamba kipindi kimoja cha kunakili fasili kikiondolewa, nafasi imepatikana. Na mwanafunzi aliyepima kwa saa jinsi kitambaa kinavyojaa hatahitaji kukariri.

Faida ya mwisho haiko kwenye pikapu. Shule ina tangi la maji ya mvua lenye wavu mdomoni, ina mifereji ya bati inayojaa majani, na pengine ina pampu ya kisima. Vyote hivi hufa kwa njia moja, yaani kwa kungojewa viharibike. Darasa lililoandika kadi ya chujio la dizeli liandike pia kadi ya wavu wa tangi, na wanafunzi wapokezane zamu ya kuusafisha na kutia sahihi.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapoandika andalio la somo lako la kuchuja, usiifute fasili. Iongezee maswali mawili chini yake, na usikifunge kipindi kabla hayajajibiwa: chujio hili litajaa lini, na ni nani atakayelibadilisha?